Kwaya ya Mtu Mmoja

Simu iliita juu ya meza ya cherehani, na kwenye kioo likatokea jina la mdogo wake. Dada mtu alikuwa na pini mdomoni na nguo ya mteja mapajani. Akaibana simu kwa bega, akasema kwa pembe ya mdomo kama alivyozoea, "Haya, leo umeng'atwa na mbwa wa nani?"

Aliuliza hivyo kwa sababu mdogo wake alikuwa msoma mita za maji, na mbwa wa mitaa yote walimfahamu kuliko binadamu.

Sauti iliyojibu haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke, na ilisema taratibu mno.

"Mama, samahani. Huyu mwenye simu ni nani wako?"

"Mdogo wangu. Wewe ni nani?"

"Yuko hapa kwenye ngazi za nyumba yangu. Aliomba maji ya kunywa, akakaa. Nilipotoka na kikombe... Mama, njooni."

Dada mtu alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akaikunja nguo ya mteja vizuri. Ndipo akasimama.

Mtaani huyo mdogo wake aliitwa Mita. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyua za watu, kuinama, kufuta kioo cha mita kwa kitambaa, kuandika tarakimu na kuondoka. Kwa kuwa kila siku alikuwa ameinama, watu walikijua kisogo chake kuliko uso. Hakuoa. Aliishi katika chumba cha uani cha nyumba ya dada yake, na kila jioni alisalimia wote, akala, akashukuru, akaingia chumbani na kurudisha mlango.

Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya kanisani, na ndiye aliyekuwa akitunga. Lakini kwaya ile ilipukutika. Wengine walihamishwa kikazi, wengine Mungu aliwachukua, na waliokuja nyuma walikuja na vyombo vyao na mpigaji wao. Mita hakufukuzwa. Hakuna aliyemwambia aende, wala hakuna aliyemwambia abaki. Jumapili moja alikwenda kukaa viti vya nyuma, na hapo hapo pakawa pake.

Kisha ofisi yao ikatupa kompyuta za zamani. Mita akaomba moja, akaibeba kwa mikono hadi nyumbani. Ilikuwa nzito na kuukuu, haikubali mifumo ya kisasa, kwa hiyo akaitilia Linux. Alimweleza shemeji yake, mume wa dada, kwamba huo ni mfumo uliotengenezwa na watu wa dunia nzima wanaogawiana bure.

"Cha bure, shemeji, huwa kina mwenyewe," shemeji alisema.

"Wenyewe ni wengi, na wote wamesema tuchukue."

"Basi siku wakija kudai, mimi sikujui."

Humo kwenye kompyuta alipata programu ya kurekodi sauti, moja juu ya nyingine, kama mtu anayepanga matofali. Akanunua maikrofoni. Akavaa spika za masikioni ili asiwasumbue watu. Hapo ndipo usumbufu wenyewe ulipoanza, maana yeye alisikia muziki wote masikioni, na wao waliokuwa nje walisikia sauti yake tu, ikiwa uchi, ikirudia mstari ule ule jioni nzima.

"Shemeji!" shemeji alikuwa akipiga kelele kutoka sebuleni. "Hicho kiitikio hakijaiva tu?"

"Bado kinatokota!"

"Mbona hakinuki?"

Wote walicheka, hata Mita ndani ya chumba. Lakini miaka ilipita, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kukionja kilichokuwa kinapikwa.

Hayo yote yalikuja kumwangukia dada mtu mchana ule ule wa msiba. Uani viti vilikuwa vimepangwa, na mwalimu wa kwaya alifika na daftari lake la nyimbo. Akakaa karibu naye, akauliza kwa upole, "Dada, marehemu alipenda wimbo gani? Tungependa kumwimbia kesho."

Dada mtu hakujua. Alijua mdogo wake hapendi vitunguu vibichi. Alijua kiatu chake cha kulia huisha kisigino kabla ya cha kushoto. Wimbo hakuujua. Akainuka, akaenda chumba cha uani, akarudisha mlango nyuma yake. Alitaka kitu kimoja: ausikie huo wimbo uliokuwa ukipikwa humo kabla hawajamfukia mwenyewe.

Chumba kilikuwa safi. Kitanda kimetandikwa, sare ya kazi ya pili imening'inizwa msumarini, na ukutani kulipigiliwa blanketi ili kuzuia mwangwi. Aliiwasha kompyuta. Haikumwuliza neno la siri. Nani angeingia humo hata aifunge?

Kazi yake ya mwisho ilionekana pale pale kwenye kioo cha kompyuta. Aliifungua kama alivyomwona akifungua. Ikatokea michirizi mingi ya rangi, mmoja chini ya mwingine, na kila mmoja una jina. Seremala. Mama Mkunga. Karani. Mwalimu Mrefu. Dada mtu alisogeza kiti. Hao walikuwa wanakwaya wa zamani, kila mmoja kwa jina la utani alilokuwa nalo. Seremala alikuwa ameshazikwa. Karani alihamia mbali na hakuandika tena.

Akabonyeza alama ya kuanza. Kijistari kikaanza kutembea juu ya michirizi. Sauti hakuna.

Shemeji, ambaye alikuwa amechungulia mlangoni, akaenda kumwita fundi wa kompyuta wa pale kona. Fundi akaja, akatazama kioo, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mama, hii haina Windows."

"Alikuwa anaitumia kila siku."

"Alikuwa anajitahidi tu, masikini. Niipige Windows sasa hivi, itaimba hadi uikataze."

"Na vilivyomo?"

"Hivyo vitafutika. Lakini mashine itakuwa mpya kabisa." Alikuwa ameshatoa flashi mfukoni.

Dada mtu alifunika kibodi kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayefunika chungu kuku wasiingie. "Baba, ahsante kwa kuja. Leo nimeshapoteza vya kutosha."

Walipotoka, aliinamisha kichwa. "Bwana," alisema, "sijui hata niombe vipi. Nionyeshe pa kushika tu." Akakumbuka siku alizokuwa akimletea chai. Kabla ya chochote, mdogo wake alifungua kidirisha chenye majina upande wa kushoto na majina upande wa kulia, akavuta mistari kuyaunganisha. Siku moja alimwuliza ni nini kile.

"Kwenye mashine hii sauti haijiendei, Dada," Mita alijibu. "Inangoja uiambie iende wapi." Alitaka kuendelea, uso umechangamka, lakini mteja alikuwa akibisha hodi nje.

Akakitafuta kidirisha kile mpaka akakipata. Akavuta mstari kutoka kushoto, akaupeleka kulia. Spika mbili za mezani zikapiga ukelele mkali wa kutoboa masikio. Uani kiti kikaanguka.

"Jina la Bwana!" Shangazi, dada wa baba yao, alipiga yowe. "Nini hicho?"

"Mke wangu, umechinja nini?" Shemeji alikuja mbio.

Alikuwa ameiunganisha maikrofoni na spika, na zikawa zinapigiana kelele zenyewe. Akauondoa mstari ule, akavuta mwingine, taratibu, kutoka kwenye jina la programu yenyewe. Akabonyeza tena.

Kwaya ikaimba.

Ilikuwa kwaya nzima, na yote ilikuwa Mita. Alikuwa amemwimba Seremala kwa besi ya puani, hadi ile pumzi yake ya kukwaruza kabla ya noti ya chini. Alikuwa ameibana sauti akamwimba Mama Mkunga, ambaye kila mstari aliukokota baada ya wenzake kumaliza. Maneno yalikuwa ya kumshukuru Mungu kwa siku iliyokwisha salama. Shemeji alikaa kitandani, akavua kofia.

Mchirizi wa mwisho kabisa ulikuwa mtupu. Jina lake lilikuwa Dada. Kwenye ubeti wa pili wengine wote walinyamaza kumpisha, pakabaki ukimya na mguu wa Mita ukigonga mapigo sakafuni, kisha wakaingia tena.

"Alikuomba?" shemeji aliuliza.

"Aliniomba. Nikamwambia nikimaliza sare za shule."

Dada mtu aliposema wimbo huo upigwe kesho kwenye maziko, shangazi hakupendezwa. "Tangu lini maiti akajiimbia? Wataimba walio hai."

Mchungaji aliyekuja kuwafariji ndiye aliyejibu. "Mama, alipoimba alikuwa hai, na Mungu aliyemwimbia yu hai. Acheni asikike hapa nyumbani. Kaburini tutaimba sisi."

Kesho yake jeneza liliwekwa uani juu ya mabenchi mawili. Hakuna aliyethubutu kuichomoa kompyuta, wala aliyejua kuutoa wimbo humo, kwa hiyo spika ziliwekwa kwenye dirisha la chumba zikielekea nje. Dada mtu alibonyeza, akatoka kusimama karibu na jeneza. Watu walitazamana. Mama Mkunga, ambaye alikuwa amesafiri tangu alfajiri na sasa alitembelea mkongojo, alisikia sauti yake mwenyewe ikikokota mstari. Akashika mdomo. "Ni mimi huyo! Mshenzi huyu, kumbe alinishika!" Akacheka na machozi yakimtoka.

Ulipofika ubeti wa pili, mwalimu wa kwaya alimtazama dada mtu. Naye alivuta pumzi, akafungua mdomo. Lakini sauti ya mahali pale hakuijua. Aliyeijua alikuwa amelala mbele yake. Akaufunga mdomo. Watu wote walisikiliza mguu ukigonga, mpaka kwaya ikarudi.

Kisha wakambeba. Makaburini jua lilikuwa kali, na ardhi kavu ilikuwa imewachosha wachimbaji. Watu wa ofisi ya maji walikuja na sare zao. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Kwaya ikaimba wimbo ambao kila mtu anaujua. Jeneza liliteremshwa kwa kamba. Dada mtu alitupa udongo wa kwanza, akafuata shemeji, kisha shangazi, kisha wengine waliotaka, na majembe yakamalizia. Msalaba wa mbao ulisimamishwa kichwani mwa kaburi. Mchungaji akatoa baraka, na watu wakaanza kuondoka wawili wawili.