Mabega ya Shemeji

Mtu anayepima wepesi wa mzigo kwa mizani hajatembea kati ya Butembo na Mabalako wakati wa vita. Mimi nimetembea. Niliacha shule mapema nikazunguka kila njia ya mashamba, kutoka Masereka kwenye baridi hadi Mangina kwenye joto, na kila niliyekutana naye nilimuuliza amebeba nini na kwa nini. Maharage ni makavu na hayaozi, lakini yanataka moto wa nusu siku, na moshi huita watu wenye bunduki. Unga wa muhogo huiva haraka. Buti za mpira zinafaa kwenye matope, ila wapiganaji wa porini nao walizivaa. Kwa hiyo nilivaa kandambili, nikateleza.

Shemeji yangu, mume wa dada, hakutaka kusikia hata moja kati ya hayo. Dada alikuwa amekwenda kujifungulia kwa shangazi yetu karibu na Mangina, na habari zilitufikia Butembo kwamba mapigano yalikuwa yanasogea upande ule. Magari hayakupita tena. Ilibidi twende kwa miguu tumtoe yeye na mtoto kabla risasi hazijafika.

Asubuhi ya kuondoka nilifunga vitu vyangu ndani ya kipande cha turubai, nikapitisha mkanda wa magome juu ya paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba kuni. Shemeji aliangua kicheko.

“Ona huyu! Anavaa kamba ku uso sawa mwanamuke. Shemeki, batakuoa njiani!”

“Mabega yangu itabakia safi.”

“Safi ya nini? Weye ni bibi-arusi?”

Nilimweleza. Kwenye vizuizi askari walikuwa wanawavua wanaume mashati na kutafuta alama ya mkanda wa bunduki begani. Akajibu kwamba hayo ni ya wahuni. Yeye ni mtu wa kanisa, heshima yake inaonekana usoni. Alikuwa amenunua sokoni mkoba wa mgongoni, wa buluu, wenye vifungo vinavyong'aa. Ndani yake, pamoja na nguo, alitia pasi ya makaa. Hawezi, alisema, kufika ukweni na shati lenye makunyanzi.

Kizuizi tulikikuta mbele ya daraja la miti.

“Toa shimizi!” askari mmoja aliamuru.

Nilivua shati, nikageuka, wakanipuuza. Shemeji alipovua, mifereji miwili myekundu ilionekana mabegani mwake, kwa uzito wa ile pasi.

“Hii ni alama ya bunduki.”

“Hapana, chef, ni ya saki hii ya mugongo. Miye ni mukristo.”

“Mu pori kule bote ni bakristo!”

Walimvalisha mkoba juu ya ngozi tupu, wakavuta mikanda, mmoja akapima kwa vidole. Alama zililingana. Nilishusha pumzi mapema mno.

“Basi unajua kubeba,” yule askari alisema. Wakachukua mkoba na vyote vilivyomo, wakamtwika sanduku la risasi, wakamsukuma kuelekea Mavivi. Mimi waliniangalia wembamba wangu. “Weye mwanamuke, pita.”

Nilipita. Nilifika kwa dada nikiwa na hasira zaidi kuliko huzuni.

“Bwana yangu iko wapi?”

Nikamwambia.

“Na weye ulipita?”

“Nilipita.”

“Miye hapana ondoka bila yeye. Kama basoda banakuya na bunduki, bakuye.”

Akaketi mlangoni na mtoto mapajani. Shangazi alikuwa tayari ameondoka na majirani. Milio ya bunduki ilisikika nyuma ya mashamba ya kahawa. Nilimwita mpumbavu. Yeye akaniita mzururaji, mtu aliyejifunza njia zote za kuacha watu. Tuliendelea hivyo hadi sauti zikakauka.

Shemeji alitokea kesho yake mchana, askari walipomwachia baada ya kulitua sanduku, bila shati, shingo imepinda upande mmoja. Hakunisalimu.

“Kamba yako iliniletea mukosi,” alisema. “Balikuona mwanamuke, bakatafuta mwanaume.”

“Ungevaa kamba, sasa tungekuwa Butembo.”

Dada alikuwa amefunga vyombo vyote vya nyumba yake alivyokuja navyo kwa gari: kinu, masufuria, masahani ya arusi. Shemeji aliutazama ule mlima, akajaribu kugeuza shingo, ikakataa.

“Chagua basi, weye mwenye kujua!”

Nilichagua. Unga, chumvi, sufuria moja, turubai, kitenge cha mtoto. Vingine nilivirusha vichakani, na dada alinitukana kwa kila kilichoanguka. Kwenye vilima nilimbeba dada mgongoni, kwa kuwa damu ya uzazi haikuwa imekauka. Shemeji alibeba mtoto, kichwa kimelala upande kama anayesikiliza kitu ardhini.

Tulifika Butembo wote wanne. Dada alimpokea mtoto, akaniangalia.

“Basoda sasa banakulia mu masahani yangu,” alisema.

Asante hakusema. Na mimi sikusimama kuisubiri.