Mwaka Glenys Aliporudisha Leseni

Glenys Nitschke hanywi mvinyo. Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa, wa kanisa hasa, na yeye alionja mara moja tu akiwa na miaka kumi na tisa, akatema. Lakini kila mwezi wa tano, wikendi ya kuonja mvinyo ikifika hapa Bonde la Clare, Australia, utamkuta kwenye kila shamba la mizabibu, kakaa zake kwenye benchi na glasi ya maji ya limau, akiwasubiri rafiki zake Rhonda na Marj wamalize kubishana kama wa mwaka jana ulikuwa mkali zaidi. Halafu anawapakia garini, wanaimba ovyo njia nzima, naye anamfikisha kila mmoja mlangoni kwake. Miaka ishirini na saba. Mtu aliyeendesha basi la shule tangu ujana wake hashindwi na walevi wawili.

Mwaka huu, Jumanne ya wiki yenyewe, daktari wa macho akamwambia asishike tena usukani. Leseni aliirudisha siku hiyohiyo, maana si mtu wa kucheza na roho za watu. Kilichomnyima usingizi ni kingine. Haendeshi, hanywi, sasa ataalikwa kwa lipi?

Jumamosi asubuhi akampigia Rhonda simu, akajitia mafua.

"Nendeni tu. Tafuteni mtu wa kuwapeleka."

"Mafua gani hayo, mbona hata hukohoi?"

"Yanakuja."

Haikupita nusu saa, Rhonda na Marj walikuwa jikoni kwake, wameletwa na mume wa Marj, buti za matope miguuni, kikapu cha mikate na jibini wamekitua mezani. Glenys na uongo wapi na wapi, jamani. Uso ulishamwiva. Akayamwaga yote, ya daktari na ya leseni.

"Kwa hiyo kazi yangu kwenu imekwisha," akasema. "Msinionee huruma. Niambieni tu."

Rhonda alimkasirikia kwelikweli. "Wewe bibi, una akili timamu? Unalijua lile basi linalozungusha watu mashambani wikendi hii?"

"Si la wageni wanaotoka mjini?"

"La yeyote. Linasimama langoni kwangu, tena bure. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Glenys akavuta kiti, akakaa. "Na hamkuwahi kuniambia?"

Akajibu Marj, ambaye kwa kawaida haongei mpaka glasi ya pili. "Tungekuambia, ungekuja? Ungesema haya, usafiri mnao, ubaki hapa na paka wako. Nakujua. Tukaona tunyamaze."

Glenys alilia palepale mezani, bila kujificha, akawaacha wamtazame. Kisha Rhonda akamtafutia koti.

Ndani ya basi walimweka katikati. Zile wikendi zote hakuwahi kukaa kiti cha abiria, na mikono hakujua aiweke wapi. Kwenye kona ya kwanza akasema, kwa sauti ya kumfikia dereva, kwamba gia ile siyo. Rhonda alikuwa ameushika mkono wake mmoja, Marj mwingine, na Glenys hakuitoa mpaka walipofika.