Mbwa Asiyetaka Mtu Ainame

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mnasoma mkiwa njiani, kidole kwenye simu na jicho moja barabarani. Someni hivyo hivyo, lakini polepole. Mimi shule yangu iliishia pale mwalimu alipoanza hesabu za kugawanya, kwa hiyo sitawachosha na maneno makubwa. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu mama wa baadhi yenu ni Mkuria, na Dholuo yenu, lugha yetu Wajaluo, inachechemea kama mbuzi aliyekanyaga mwiba. Kiswahili chetu sote ni cha sokoni. Kitatosha.

Mwanzo wake ni simu. Mjukuu wangu, yule anayefanya kazi Homa Bay mahali wanapotunzwa mbwa waliookotwa barabarani, alinipigia nikiwa nachagua maharagwe.

"Dani," akasema, yaani nyanya, maana ndivyo mnavyoniita nyote, "kuna mbwa hapa hana pa kwenda."

"Hata mimi sina pa kwenda. Niko hapa tu."

"Dani, acha mzaha. Watu wamemchukua wakamrudisha, wengine wakamchukua wakamrudisha. Wa mwisho ni mama wa chapati. Sasa wakubwa wangu wamesema akikosa mtu mwezi huu, daktari wa mifugo atamdunga sindano alale moja kwa moja."

"Ana kosa gani?"

"Anauma mtu akiinama. Ukisimama wima mbele yake ni kondoo. Ukiinama tu, hata kufunga kamba ya kiatu, anakurukia."

Nilikuwa mlangoni kwangu hapa nje ya Kendu Bay, sinia la maharagwe mapajani, lakini pua yangu ilikuwa imeshafika Muhuru, na ilikuwa inanusa omena, dagaa wetu wa ziwani.

Mimi nililelewa Muhuru Bay na nyanya yangu, mama wa mama. Mama alikuwa ameolewa mara ya pili, mbali, na yule mume hakutaka mtoto aliyekuja na mzigo. Nililetwa kwa nyanya na kikapu changu, nikaonyeshwa ngozi ya kulalia, basi. Hakuna aliyeniambia pole. Katika boma lile hapakuwa na nafasi ya kulia, palikuwa na omena.

Mashua zilirudi alfajiri. Wanawake walishuka ufuoni na mabeseni, wakarudi maji yakiwatiririka mgongoni, wakamwaga omena juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Jua likipanda, ufuo wote unang'aa kama bati jipya. Halafu kugeuza. Omena hugeuzwa kwa mkono, ukiwa umeinama, magoti yamenyooka, kutoka mwisho huu wa wavu hadi ule. Ukitoka hapo ufagie uani na ufagio mfupi, umeinama. Usugue sufuria kwa majivu, umeinama. Upalilie mtama, umeinama. Hata nyumba zetu za udongo zilikuwa na milango mifupi, huingii kwako mwenyewe bila kuinama. Ukitaka kumjua mwanamke wa Muhuru wakati ule, ulimjua kwa mgongo.

Na mbwa nao walikuja kuiba omena. Mbwa wa kwetu wote wanajua sheria moja: mtu akiinama, jiwe linakuja. Hata leo jaribu. Huna jiwe, inama tu, uguse chini, utaona mkia unaingia katikati ya miguu na mbwa anapotea. Lakini kulikuwa na mmoja wa rangi ya majivu, mgongo umeteremka nyuma kama wa fisi, na kwa hiyo tukamwita Ondiek, yaani fisi. Alikuwa amepigwa mawe mpaka siku moja akakataa kukimbia. Mtu akiinama, yeye alikwenda mbele.

Alikuja kulala nyuma ya ghala letu la mtama, akiwa na kidonda begani. Nyanya alimtazama muda mrefu, mikono kiunoni. "Huyu si mkali," akasema. "Huyu amechoka kukimbia." Akamwekea ukoko wa ugali na maji ya omena. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, usiiname karibu naye. Chuchumaa, uso wako aone. Kazi fanya umekaa."

Basi nikajifunza kufanya kazi nimekaa. Nilifagia uwanja wote nikiwa chini, nikijisogeza kwa makalio, na mavumbi yakiniingia puani. Majirani walipita wakicheka. "Mama, huyu mjukuu wako anafagia kama kuku anayeoga! Mwanaume gani atamchukua?"

"Atachukuliwa na mwenye subira," nyanya akajibu. "Wako alichukuliwa na nani?"

Jioni Ondiek alikuja kulala ubavuni pangu. Hakuwa mbwa wa kucheza. Aliweka kichwa juu ya mguu wangu, kizito kama jiwe la kusagia, akatazama ziwa. Nami nilitazama huko huko. Nilikuwa na umri wa kuhesabu mashua zinazoondoka nikifikiri moja itageuka na mama yangu ndani. Huyo mbwa hakuniuliza kitu. Sijui kama nyinyi mmewahi kukaa na mtu asiyewauliza kitu. Ni starehe kubwa.

Lakini boma si la mtu mmoja. Mke wa mjomba aligeuka siku moja kwenye wavu, akasahau, akainama mbele ya Ondiek kuokota beseni. Mbwa akamng'ata mkono, damu ikamwagikia omena. Mjomba akaleta panga na jiwe la kunolea, akakaa pale uani, akanoa. Ile sauti ya panga juu ya jiwe naisikia mpaka sasa.

Nyanya akasimama juu yake. "Mwanangu, weka hilo chini. Mbwa huyu sikumleta mimi, lakini amekula kwangu. Nipe muda nimtafutie boma."

"Boma gani, Mama? Nani hainami dunia hii?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na nyanya alitembea nalo. Kwanza alimpeleka kwa mtu wa Kehancha aliyelima tumbaku, rafiki wa marehemu babu. Mtu mrefu, mnyoofu, mwenye ng'ombe wengi, tukaona anafaa. Kumbe tumbaku huvunwa kuanzia majani ya chini. Msimu ulipofika wale wavunaji wakainama safu nzima, matako juu, na Ondiek akaona vita. Alirudishwa akiwa amefungwa kwenye gunia, kichwa tu nje.

Akampeleka kwa mkatekista. Huyo alikuwa na joho, hata salamu alizitoa kichwa kikiwa juu. Wakakaa vizuri mpaka Jumapili. Watu wakasimama, wakaimba, Ondiek ametulia mlangoni kama mzee wa kanisa. Kisha mkatekista akasema tuombe, akapiga magoti, na watu wake wote wakapiga magoti. Nyanya alikuwepo. Alisema Amina ya siku ile ilisikika mpaka Tanzania.

Mjomba akaanza kunoa tena.

Karibu nasi aliishi mzee mmoja aliyefiwa na mke. Zamani, wakivuta mashua nchi kavu, mgongo wake uliteguka, na ulipopona ulikauka wima. Alitembea kama aliyemeza mwiko. Kilichoanguka chini alikiokota kwa fimbo yenye ndoano. Watoto tulimkimbilia nyuma tukipiga kelele, "Mlingoti! Mlingoti! Tanga liko wapi?"

Naye bila kugeuka, maana hakuweza kugeuka, akajibu, "Limekwenda na mama zenu!"

Siku moja nyanya alikuwa akimwangalia mzee huyo akinunua chumvi. Akashika paji la uso. Mtu mwenyewe alikuwa hapo muda wote, na sisi tumefika Kehancha.

Mambo ya kumkabidhi mbwa nyanya aliyafanya kwa utaratibu wake, nami nilishika kamba. Hatukupita kwenye upenyo wa ua, ingawa ulikuwa karibu. Tulizunguka hadi langoni. "Mbwa anayeingizwa kwa upenyo," alisema, "kwa upenyo atatoka." Ndani, mzee alikuwa amesimama uani na tonge la ugali kwapani, kama alivyoagizwa, ugali wa moto uliotoka jikoni wakati ule.

"Mama, unaniunguza kwapa!"

"Vumilia. Mbwa hajui jina lako. Anajua jasho lako."

Likapoa, akalitoa, akamnyooshea akiwa wima vilevile. Ondiek akanusa, akanitazama mimi, akala. Kisha akalala kwenye miguu ya yule mzee, na kamba mkononi mwangu ikalegea. Nyanya akaniambia niifungue nije nayo, kamba haigawiwi. Nilirudi nyumbani nikiikokota mavumbini.

Sikuruhusiwa kwenda kumwona. Nyanya alisema mbwa hawezi kuwa na milango miwili. Nilipopita na maji nilimwona pale kizingitini, kichwa juu ya mguu wa mzee, wakitazama ziwa wote wawili. Alitikisa mkia mara moja, hakunyanyuka. Nilifurahi kwa ajili yake kama nilivyoambiwa nifurahi. Jioni zangu zikawa ndefu. Niliendelea kufagia nimekaa, ingawa hapakuwa tena na sababu, mpaka nyanya akasema, "Simama sasa, binti. Amekwisha kwenda."

Nilipita Muhuru juzijuzi kwenye mazishi. Nyumba ya nyanya ni shamba la mtu. Ya mzee haionekani hata msingi. Wanawake siku hizi wanaanika omena juu ya meza ndefu za waya, wanageuza wakiwa wamesimama, wanaongea na simu. Migongo yao imenyooka, na ni jambo jema, mimi silii kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Lakini nilisimama pale nikatafuta hata mtu mmoja aliyeinama, nimwonyeshe kwa kidole mtu wa enzi zangu, na huyo wa kuonyeshwa pia hakuwepo.

Sasa tumrudie mjukuu wangu kwenye simu. Nilimwambia hapana. Nilisema mimi ni mzee, mbwa atanizika.

Akasema, "Dani, lini mara ya mwisho uliinama?"

Nikafikiri. Mnajua mgongo wangu. Sufuria zangu ziko mezani, jiko limeinuliwa kwa matofali, pipa la maji lina mfereji, ufagio wangu una mpini mrefu wa kununua. Nyumba yote imepanda ikanifikia kiunoni.

"Siku ya kumzika babu yako," nikasema. "Kuokota udongo."

Naye akasema, "Basi nimlete Alhamisi."

Alimleta kwa pikapu ya kazini. Dereva alitaka kuingilia pembeni, pale ua ulipobomoka, kwa sababu ndipo nyote mnapoingilia. Nilimpigia kelele mpaka akazima gari. Lango langu lilikuwa limefungwa kwa waya, nyasi zimepanda mpaka katikati ya mbao. Halikuwa limefunguliwa tangu gari lililoleta mwili wa babu yenu. Walihangaika nalo, mjukuu wangu akavunja kucha, dereva akasema, "Mama, si tupite tu pale?" Nikasema hapana. Walipolifungua, lililia kama ng'ombe.

Mbwa ni wa kahawia, sikio moja limeraruka. Kituoni walimpa jina la Taiga. Mimi ninamwita Wewe, na anaitika. Nilikuwa nimesimama uani na tonge kwapani.

"Dani, kwapani?" mjukuu wangu akacheka mpaka akashika gari.

"Nyamaza, linaniunguza."

Alikula. Jua lilipokaribia kuzama, wao wakaondoka, nami nikakaa kwenye kiti changu. Akaja polepole akaweka kichwa juu ya mguu wangu. Ni kizito vilevile. Sikujua kwamba mguu unaweza kukumbuka kitu kwa miaka yote hiyo. Tukatazama huko ziwani, na hakuniuliza kitu.

Sasa nimewaita wote kwa simu, wa Nairobi, wa Kisumu, na nyinyi wa Kehancha, na hapa ninaandika ili asiwepo wa kusema hakusikia. Zamani mlikuja kwa kupita ua uliobomoka, gari linanguruma nje, mnainama kuweka sukari na unga mlangoni, "Dani, tumeharakisha," mmekwenda. Hiyo imekwisha. Ua nimeuziba. Mbwa wangu hapendi mtu anayeinama. Anayekuja kwangu aingie kwa lango, azime gari, na akae chini kwanza.