Dirisha la Mfuko wa Michembe

Andika, Mbuke, na usiyapambe maneno yangu. Mimi ni binti wa Masanja na Kabula. Nilizaliwa Mwamapalala, na darasani sikuingia.

Mwanangu, michembe hii unayotaka kuichorea mfuko, viazi vitamu tulivyokata na kuanika, ndiyo iliyotuokoa mwaka ule biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Pamba yetu ilikuwa bado haijapata mnunuzi, na mahindi yalikuwa yamekwisha. Mama akajaza kikapu cha michembe, tukaenda Bariadi kutafuta chakula.

Mwenye duka mmoja alikuwa ameleta mifuko ya plastiki angavu. Sijapata kushangaa vile. Chakula kimefungwa, vumbi halikigusi, na bado unakiona, kama kokoto chini ya maji ya mto!

"Mayu," akamwambia mama, "vipande vyeupe panga pembeni mwa mfuko, vyeusi vifiche katikati. Vikionekana, sichukui hata mfuko mmoja."

Vyeusi vilikutwa na mawingu kabla ya kukauka. Utamu ulikuwa uleule, kilichoharibika ni sura tu. Nilikuwa na njaa. Mkono wangu ukaanza kupanga. Mama akaupiga kofi.

"Mfuko umetengenezwa ili mtu aone, wewe unaugeuza pazia?" Kisha akamgeukia mwenye duka. "Baba, hata vyeusi nimevianika mimi. Vichanganywe, au tuondoke."

"Basi mtavila wenyewe!" akacheka yule bwana.

Mama akainua kikapu. Mwanamke mmoja aliyefuata chumvi akamzuia: "Hebu kivunje kimoja cheusi, nisikie."

Mama akakivunja karibu na sikio lake. Ka! Kilikuwa kimekauka sawasawa. Mwanamke akatafuna, akaomba mifuko miwili, vyeusi vikiwemo. Mwenye duka akakivuta kikapu chetu upande wake, akatulipa, na jioni tulirudi na mahindi. Hadi leo mlio ule naukumbuka.

Basi shika haya. Upambe mfuko wako, sikukatazi. Uzuri ni heshima kwa mnunuzi. Lakini picha ya kiazi isikizidi kiazi chenyewe. Andika jina la kijiji, ili aliyeudhika ajue pa kutufuata. Mungu aibariki mikono yako, na jua likuwakie siku za kuanika. Rangi badilisha upendavyo. Dirisha la plastiki angavu ulilochora litunze, na kinachoonekana hapo kiwe ndicho kilichojaa hadi chini.