Karatasi ya Kuvukia Sakania

Nilikubali kwenda kabla jimbo letu, Katanga, halijajitenga na nchi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msaidizi wa wauguzi katika zahanati ya masista hapa Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa siku zile. Sista mkuu alituambia kwamba ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, mbali kupita Ndola, kulikuwa na hospitali ya wenye ukoma iliyokosa watu wa kazi. Atakayekwenda angekaa miaka mitano bila mshahara, kwa chakula na kitanda tu. Niliinua mkono. Siwezi kusema ilikuwa huruma peke yake. Nilitaka pia kuona mahali ambapo hakuna anayenijua.

Barua ya kuniita ilichelewa. Ilipofika, mji ulikuwa umegeuka.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mtu wa Kasai, jimbo jingine. Aliletwa Katanga akiwa kijana kufanya kazi ya mgodi, akaiacha, akajifunza kushona, na tangu nipate akili mashini yake ilikuwa barazani kwetu Kamalondo. Mama alizaliwa huku huku. Ndugu zake walikuwa wakulima wa Kasungami. Nyumbani hatukuwahi kuulizana nani ni wa wapi. Sasa watu waliulizana njiani, na aliyejibu Kasai alipigwa. Familia za Kasai zilibeba magodoro kichwani kwenda kambi ya wakimbizi, iliyolindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu. Jirani mmoja, ambaye papa alimshonea watoto wake wote nguo za komunyo, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Alisema mke wake amebadili mawazo. Papa alikikunja vizuri, akampa.

Masista walinitaka niwe na magauni matatu meupe, blanketi na viatu vya kufunga. Papa alianza kuyashona magauni siku ile ile. Hakunikataza, wala hakunisifu. Mama ndiye aliyesema, akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, bila kuinua uso.

"Unaenda kuosha bidonda bya bantu ba inchi ingine, na papa yako iko anafukuzwa hapa."

Nilichukua mchi mkononi mwake nikatwanga mimi.

Ili kuvuka mpaka ilinibidi nipate karatasi ya ruhusa, na ilijulikana mji mzima kwamba mtoto wa Kasai hapewi upesi, au hapewi kabisa. Mama alimwita kaka yake. Mjomba alikuja kwa kinga, baiskeli yake ya zamani, akaiegemeza ukutani na kumsalimu papa kwa heshima kama kawaida, lakini hakukaa. Alisema atakwenda nami ofisini, mradi nimwache yeye aseme. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu aliyekuja kukusaidia huwezi kumdai zaidi.

Tulipanga mstari tangu asubuhi. Zamu yetu ilipofika, karani alitaka kujua kabila langu. Mjomba alijibu haraka kwamba mimi ni mtoto wao. Karani hakumtazama. Alinitaka niseme mwenyewe. Nikataja kabila la mama. Akauliza jina la baba yangu mzazi. Nilimsikia mjomba akivuta pumzi pembeni yangu. Nikatoa jina la mjomba.

Karani aliandika, akapiga muhuri. Ilikwisha kwa muda mfupi kuliko kununua chumvi.

Njiani kurudi mjomba alisukuma kinga yake. Karibu na nyumbani aliniambia jambo moja tu: siku ya safari papa asije stesheni, kwa sababu kule kuna vijana wanaomjua kuwa ni mtu wa Kasai.

Papa aliomba kuiona karatasi. Alisoma vizuri kuliko sisi sote. Masista wenyewe walimletea vitambaa vyao na vipimo kwenye karatasi, naye alivisoma mwenyewe. Aliishika kwa vidole viwili kama kitu ambacho wino wake haujakauka, akasoma mstari baada ya mstari, na nilijua alipofika penye jina la baba kwa namna alivyotulia.

"Batakuuliza tena huko mbele?" alisema.

"Sijui, papa."

"Kama banakuuliza, ujibu vile vile. Usibadirishe."

Kisha akaniambia nisimame wima, apime urefu wa gauni la tatu. Alipopiga magoti kuweka pini kwenye pindo, niliona utosi wake umeingia mvi. Nilitaka kuomba msamaha. Maneno yalikuja mpaka mdomoni, lakini mama aliingia na maji, nikampokea. Sikupata tena nafasi, au niseme kweli: nilizipata nyingi katika siku nne zilizobaki, na sikuzitumia.

Asubuhi ya safari papa aliniaga barazani. Alinishika mkono kama anavyoshikwa mgeni, akaniambia niwe mwangalifu na maji ya kule. Mama na mjomba walinisindikiza mpaka stesheni. Treni ilikwenda taratibu, ikisimama kila mahali. Sakania, stesheni ya mpakani, askari alipanda, akachukua karatasi yangu, akaniuliza baba yangu ni nani. Nikajibu vile vile. Mara hii haikunigharimu hata pumzi, na jambo hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Kazi ilikuwa kama nilivyoambiwa: vidonda, bandeji za kuchemsha, watu wenye subira kubwa kuliko yangu. Mwaka wa kwanza mama alimwomba mtu aniandikie kwamba papa aliingia kambini na mashini yake, kisha akapelekwa kwa treni Kasai pamoja na wengine. Alikuwa amemkataza mama asimfuate. Barua ya pili ilisema amefariki. Ilichukua miezi minne kunifikia. Sista aliniruhusu nipumzike mchana ule. Nilikaa kitandani kidogo, halafu nikarudi wodini, kwa sababu bandeji zilikuwa bado majini.

Nilimaliza miaka yangu mitano. Nilipomkuta mama Kasungami, nyumbani kwa kaka yake, alikuwa amekonda na anasikia kwa shida. Niliuliza papa aliishije kule kwao. Mama alisema waliorudi kutoka huko walisimulia kwamba alikaa peke yake, pembeni.

"Hakujua mutu kule," alisema. "Balikuwa banamuita Mukatanga."

Akaniuliza kama nimekula, akaenda kusonga bukari.