Ndege Tuliyoishona na Kuifumua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona aibu. Ilikuwa asubuhi, katika karakana ya ndege huko Uarabuni. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sindano mkononi na kiburi kifuani. Siku hiyo nilimkosesha mwenzangu riziki yake kwa maneno mepesi ya mdomo, tena nikicheka. Nataka uyasikie kwangu mwenyewe, maana kosa likisimuliwa na mwenye kosa hufundisha. Likisimuliwa na jirani huwa umbea tu.

Mimi nimezaliwa Mazinde, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Baba yangu, Mzee Mhina, alikuwa nyapara wa korona. Ninyi mliozaliwa juzi mkisikia korona mnafikiria ugonjwa. Kwetu korona ni ule mtambo unaokwangua majani ya mkonge mpaka zinabaki nyuzi za katani. Usilicheke jina hilo, limenilisha mimi na ndugu zangu wote. Nilipomaliza darasa la saba nikajifunza ushonaji pale Korogwe, nikashona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu. Baadaye shangazi akanichukua Dar es Salaam, nikaingia kwa mafundi wa viti vya magari. Kutoka viti vya magari nikapata kazi Uarabuni, kushona viti vya ndege.

Watu wakiiona ndege angani wanamfikiria rubani. Hakuna anayemfikiria mshonaji. Lakini mtoto akimwaga juisi, au mzee akichana kitambaa kwa mkanda wake, kifuniko kile lazima kivuliwe, kipimwe, kikatwe na kushonwa upya. Karakana yetu ilihudumia ndege za aina moja tu, kubwa kuliko zote za abiria wakati ule. Zilikuwa na injini nne na nundu mgongoni, na ndani ya nundu mna ghorofa yenye ngazi. Siku ya kwanza niliposimama chini ya bawa lake nilijiambia kwamba shule yetu yote ya Mazinde, wanafunzi na walimu na madawati, ingeingia tumboni na nafasi ikabaki. Nami, mwanangu, ukubwa ule nikaufanya wangu. Nikawa natembea kwenye kantini kama vile ndege ile nimeizaa.

Miaka michache baadaye nilimvuta kazini kwetu Zaituni, msichana wa Kang'ata kule Handeni, niliyekuwa nimefanya naye kazi Dar es Salaam. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi, mkimya, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Alikuwa anamjengea mama yake nyumba ya matofali. Kila simu ya nyumbani ilikuwa ni hiyo: ukuta umefika madirishani, ukuta umefika kwenye linta. Aliniita dada, akanisikiliza kama mgeni anavyomsikiliza aliyemwonyesha mji.

Basi asubuhi hiyo msimamizi wetu, Mhindi mmoja mzee tuliyemwita Anko Joji, akaja na karatasi. Akasema karakana ya pili, ile inayohudumia ndege mpya za injini mbili, inahitaji washonaji. Vitambaa vyao ni vingine na mishono ni mingine, kwa hiyo anayetaka atajifunza wiki sita, apewe cheti, ahamie huko. Akaiweka karatasi mezani pamoja na kalamu, akaondoka.

Zaituni aliichukua kalamu. Kabla hajaandika akanigeukia. "Dada, unaonaje? Niandike?"

Nikacheka mbele ya wenzetu wote. "Zaituni, aliyezoea kupika pilau la harusi anakwenda kuomba kazi ya kukaanga maandazi? Kaa hapa. Ndege hii haifi. Dunia nzima inaipanda."

Wenzetu wakacheka pia. Zaituni akatabasamu kwa kuona haya, akairudisha kalamu mezani polepole. Sikuona kitu. Niliona tu kwamba nimesikilizwa, na mtu akisikilizwa hujidhani ana akili.

Mchana wake Anko Joji alinikuta peke yangu kwenye meza ya kukatia. Akaokota vifuniko viwili, kimoja cha kiti cha mbele na kimoja cha nyuma kabisa. Cha mbele kilikuwa kimechakaa. Cha nyuma kilikuwa kisafi kama kilivyotoka cherehani.

"Mwajuma," akasema, "wewe ni fundi. Kitambaa hiki kinakwambia nini?"

Nikanyamaza, ingawa nilijua. Kwa miezi mingi vifuniko vya nyuma vilikuwa vinarudi bila doa wala mkunjo. Hakuna aliyevikalia.

Akanieleza kwa upole. Injini nne zinakunywa mafuta ya nne, hata kama nusu ya viti ni vitupu. Na abiria wa siku hizi hataki kukusanywa kwenye kiwanja kimoja kikubwa halafu agawanywe kama mzigo. Anataka ndege ndogo kidogo imchukue kwao, imfikishe aendako. Nilimwelewa vizuri sana, maana nimekulia huku. Pale stendi ya Korogwe nimeona basi kubwa likinguruma saa nzima likisubiri kujaa, na abiria wake wanashuka mmoja mmoja kwenda kwenye gari dogo linaloondoka sasa hivi. Hilo nililijua. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia Anko Joji ahsante, nikaendelea kukata kitambaa.

Haukupita muda mrefu, ndege zetu zikaanza kupungua. Moja ikauzwa, nyingine ikafanywa ya mizigo, nyingine ikapelekwa jangwani kuegeshwa. Zamu zetu zikapungua nazo. Mwishowe ikaja amri ya kuvua viti vyote vya ile iliyobaki, kwa kuwa inakwenda kukatwakatwa ichukuliwe vipuri. Tulipanda ndani mimi na Zaituni na visu vyetu vya kufumulia. Tayari walikuwa wamebandika karatasi za kung'aa madirishani, kwa hiyo mle ndani mlikuwa na mwanga hafifu kama wa kwenye ghala. Kila mshonaji alikuwa na alama yake upande wa ndani wa kifuniko. Ya Zaituni ilikuwa nukta tatu za uzi wa kijani. Nikamwona anafumua alama zake moja baada ya nyingine, haraka, bila kuinua uso. Siku tatu tulifumua kazi ya miaka, na katika siku hizo tatu hakunilaumu hata kwa neno moja. Nilitamani anitukane, mwanangu. Mtu akikutukana unapata pa kuanzia.

Anko Joji alikwenda kutuombea karakana ya pili. Akarudi ameinamisha kichwa. Nafasi zilikuwa zimejaa zamani, na wenye vyeti walikuwa wengi wanasubiri.

Tulirudishwa nyumbani kwa ndege ya injini mbili. Ilijaa mpaka kiti cha mwisho. Zaituni alikaa dirishani. Tulipokuwa juu angani akanyoosha kidole, akapitisha juu ya mshono wa kiti kilichokuwa mbele yake, taratibu, kutoka juu mpaka chini.

"Mshono huu ni rahisi, dada," akasema. "Ningeuweza."

Kutoka Dar es Salaam tulipanda basi moja. Alipoteremka Mkata ili apande gari la Handeni, aliniaga kwa adabu ileile, "Msalimie baba." Mimi nikaendelea na safari, nikipita Kabuku na Segera na Korogwe huku macho yangu hayaoni barabara.

Nyumbani nilikaa wiki mbili nikimlalamikia kila mgeni habari ya ndege yangu. Baba alisikiliza tu. Siku moja baada ya chakula cha mchana akaniuliza, "Na yule binti wa Kang'ata, naye aliitaka kazi ya ndege kubwa kama wewe?"

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya kalamu na pilau. Baba akajipapasa kovu la mkononi alilopata kazini. Kisha akaanza kusema kwa sauti ya chini.

"Nina jambo sijawahi kuwaambia. Kamba za nailoni zilipoingia, katani ikakosa soko. Meneja akaja kutafuta vijana wa kujifunza udereva wa trekta na ufundi, kwa sababu aliona mbali. Vijana wangu wa korona walitaka kwenda. Mimi nyapara wao nikawaambia wakae, korona haiwezi kulala hata siku moja. Wakanitii. Mtambo ulipofungwa, wenzao waliojifunza wakapata kazi kwingine. Wangu wakarudi makwao mikono mitupu. Hukuona nilikuwa sipiti njia ya Mombo siku ya gulio? Nilikuwa nawakimbia. Wengine wamekufa sijawaomba radhi."

"Baba, hukuniambia."

"Sikukuambia, na hilo ni kosa langu jingine. Wazee walisema mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Mti kuanguka si dhambi yako, Mwajuma. Kupoteza kazi si dhambi. Lakini yule mtoto alikuwa tayari anaruka, wewe ukamrudisha tawini. Hilo ndilo utakaloulizwa. Nenda Kang'ata ungali na miguu."

Hakunikaripia. Aliuweka mkono wake wenye kovu juu ya wangu, ukakaa hapo mpaka machozi yakanishinda. Nilikuwa mtu mzima, lakini siku ile nililia kama mtoto, naye akaniacha nilie.

Nilikuwa nimerudi na cherehani moja nzito, ya kushonea kitambaa kinene, niliyopewa karakana ilipofungwa. Nikaifunga kwenye magunia, nikaipakia gari mpaka Kang'ata. Nilimkuta Zaituni nje ya nyumba ya udongo, anapukuchua mahindi. Pembeni yake zilisimama kuta za matofali hazina paa, na ndani ya vyumba majani yalikuwa yamefika magotini. Mama yake alitoka akiinamia mlango mfupi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa furaha, akaniletea kigoda. Yule bibi hakujua lolote. Binti yake hakuwa amenisema.

Nikamwambia Zaituni, "Nimekuletea cherehani. Ni yako."

Aliitazama, akaendelea kupukuchua. "Sikuhitaji cherehani, dada. Uliiona kalamu mkononi mwangu. Nimekuwa nikisubiri useme kwamba uliiona."

Hapo nikapiga magoti kwenye maganda ya mahindi, mbele ya mama yake. Nikasema niliiona kalamu. Nikasema Anko Joji alinionyesha kitambaa kisafi, nikajua, nikanyamaza kwa sababu ya kiburi. Nikasema nilimcheka mbele za watu, na kwamba nyumba ile kukosa paa kuna mkono wangu ndani yake. Mama mtu akashika kichwa, akamtazama binti yake. Zaituni akafuta mikono kwenye khanga, akanishika bega.

"Inuka," akasema. "Hata mimi nilikuwa na mdomo. Ningeweza kukukatalia." Kisha, baada ya kufikiri, "Cherehani hiyo tutaitumia wote. Lakini safari hii kazi nachagua mimi."

Akachagua Kabuku, kwa sababu magari yote ya barabara kuu yanapita pale. Tukaanza kwa viti vya pikipiki. Mimi nilividharau kidogo moyoni, sikufichi, ugonjwa hauponi siku moja. Yeye alivishona kama vile Sultani atavikalia. Vikafuata viti vya malori, kisha mabasi. Pikipiki zilipoletwa za mtindo mpya, Zaituni alikuwa wa kwanza kufungua kiti kimoja kuona kimeshonwaje. Baada ya misimu kadhaa nyumba ya Kang'ata ikapigwa bati, na mama yake akalala humo akisikiliza mvua ikigonga juu, mpaka Mungu alipomchukua akiwa ameshiba siku zake. Baba yangu naye, kabla hajafa, alianza tena kwenda gulio la Mombo.

Miaka ilipopita ikaja ndege nyingine kubwa zaidi, ghorofa mbili kutoka kichwani hadi mkiani. Vijana walinionyesha kwenye simu wakasema, bibi, hii ndiyo haitashindwa. Sikubishana nao. Ikaja ile korona ya ugonjwa, nazo zikaegeshwa jangwani kwa safu. Baadhi zimeamka na zinaruka bado, tena ni nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Lakini nasikia hazitengenezwi tena. Sikufurahi niliposikia hivyo. Niliwaza tu washonaji wake, na nani anawaambia nini.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Penda kazi yako, lakini usiuvae ukubwa wa kitu ambacho si chako, maana siku kikivuliwa utabaki uchi. Fundi husoma kitambaa chake. Ukiona kinarudi kisafi, jiulize, usinyamaze. Kujifunza upya hakumpunguzi mtu. Na mdogo wako akikuuliza, "Niandike?", jua kwamba ameweka maisha yake mkononi mwako kwa dakika moja. Usicheke. Kama hujui, mwambie hujui. Kama unaogopa kubaki peke yako, na mimi nadhani ndicho nilichokuwa naogopa, mwambie ukweli huo, kisha umwache aende. Na ukikosa, usingoje mwenzio azeeke na donge lake. Mfuate kwake, useme kosa kwa jina lake, ndipo utoe zawadi.

Mungu akupe mikono isiyochoka na sikio jepesi. Akupe wa kukuambia ukweli, na moyo wa kumpenda kwa ajili hiyo. Uwatangulie wadogo zako kwa wema, nao wakupite wewe ukiwa hai, uwaone kwa macho yako, ufurahi. Amina.