Fimbo Mbili za Kuvulia na Mkono Mmoja

Mume wangu ni mvuvi wa Kasanga, na mimi ndiye niliyemtoa ziwani. Watoto walikuwa wanahitaji sekondari ya karibu, mimi nilikuwa nataka masomo ya jioni, nikasema tuhamie Sumbawanga. Yeye alinyamaza. Ule ukimya wake nikauhesabu kuwa ndiyo. Tukauza mtumbwi, tukapanda huku juu, mtaa wa Malangali, kwenye baridi, na hatujazoea vizuri presha ikampiga, mkono wa kushoto ukapooza.

Daktari aliniambia, "Mama, hii ingempata hata kule kule." Nimeyakumbuka maneno hayo kwenye rozari nyingi, lakini hayajawahi kunituliza.

Ndugu wakija kumwona wanachuchumaa na kupiga makofi taratibu, ndivyo Wafipa tunavyosalimia, na anayesalimiwa naye anajibu kwa makofi. Mume wangu anajipiga pajani kwa mkono wa kulia, halafu anaangalia pembeni. Mimi hapo huwa nakumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni.

Ndiyo nikapata wazo la fimbo ya kuvulia, zile za dukani. Kule alivua kwa nyavu na mshipi, na mshipi unavutwa kwa mikono miwili. Fimbo inashikwa kwa mmoja, nikajiambia. Na dada mmoja wa jumuiya yetu ana bwawa la perege Kasense, akasema tuje tu siku yoyote.

Mjini kuna duka la kijana mmoja, ukoo wao ni Waislamu wenye maduka na malori, mizigo yao mingine inatoka Zambia. Alikuwa na fimbo mbili za mtumba. Moja ilikuwa nyeusi, nyembamba, imeandikwa kaboni. Nyingine ilikuwa ya kijivu, nene kidogo, imechubuka, imeandikwa grafaiti.

"Ya grafaiti sitaki," nikamwambia. "Grafaiti ni ule weusi wa ndani ya penseli. Penseli ukiidondosha inakatika huko ndani."

Akacheka mpaka akashika meza. "Nani kakufundisha, mama?"

"Mwalimu wangu wa jioni."

"Kwenye penseli mwalimu yuko sahihi. Lakini kwenye fimbo hizi zote ni nyuzi za kaboni, mama yangu. Kiwanda hiki kimeandika hivi, kile kimeandika vile, kila kimoja kinauza kwa jina lake. Wewe usisome. Kunja."

Akaniwekea ncha ya ile nyeusi kwenye sakafu, nikaisukuma. Ilikataa, ikapinda pale juu tu. Ile ya kijivu ikapinda mpaka katikati.

"Hiyo ngumu ni nyepesi, na samaki akigusa tu unasikia," akasema. "Ila ukiibamiza kwenye jiwe, imekwisha. Hii laini imechanganywa na nyuzi za kioo. Nzito kidogo, lakini inavumilia."

Nikaweka mkono wa kushoto mgongoni, nikainua moja, nikainua nyingine. Nilitaka kujua mume wangu atasikiaje. Mama mmoja aliyekuja kununua misumari akaniuliza, "Dada, unavua wapi, kwenye lami?" Watu wakacheka. Nikasema navua roho za watu, wakacheka zaidi. Nikachukua ile nyeusi kwa sababu ni nyepesi. Nilitoka pale najisikia kama niliyetoka kuungama.

Jumamosi tukaenda Kasense. Nikamwekea chambo cha mnyoo, nikamrushia mwenyewe. Kidevu chake kilinyanyuka, nikamwona yule kijana wa Kasanga aliyenioa. Boya likazama. Akainua. Ncha ikatetemeka, samaki yupo!

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Fimbo ina kigurudumu cha kuzungushia uzi. Mkono mmoja unashika fimbo, mwingine unazungusha. Nilipima uzito, nilikunja, nilibishana na mwenye duka, na hilo halikunijia kabisa.

Nikakimbia kuzungusha mimi. Nikazungusha kwa nguvu, fimbo ngumu haikulegea hata kidogo, samaki akachomoka.

"Shemeji," mwenye bwawa akaita kutoka kwenye matuta yake, "samaki wangu anashukuru kwa chakula!"

Mume wangu hakucheka. "Nani kakwambia nataka kuzungusha?"

"Nilitaka iwe nyepesi, baba."

"Kulikuwa na nyingine?"

Nikamweleza ile ya kijivu inayopinda.

"Hiyo ndiyo. Unatoa hicho kigurudumu, unafunga uzi kwenye ncha kama fimbo ya mwanzi, samaki akivuta fimbo inamfuata, unamnyanyua. Ungeniuliza."

Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya kawaida, na mimi nikashindwa kumtazama. Nilijua haliishii kwenye fimbo.

Jumatatu nikampeleka dukani achague mwenyewe. Nilisimama nje kwa makusudi, nisije nikamsemea. Kupitia mlangoni nilimwona anakandamiza ncha sakafuni, mwenye duka anamwita "mzee wangu", wanabishana, anatikisa kichwa. Akatoka na ile ya kijivu. Kigurudumu alikiacha kwenye meza.

Tuliporudi Kasense aliniambia nimfungie uzi, akanielekeza fundo la kwao, nikakosea, akanielekeza tena. Perege wa kwanza alimnyanyua kwa mkono mmoja, akaja hewani mpaka akanipiga kwenye kitenge. Mwenye bwawa akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na samaki mkononi, na kwa kuwa sikuwa namwangalia usoni, nikapata nguvu.

"Na kuhama, baba. Ningekuuliza ungesemaje?"

"Ningesema hapana."

Nikaendelea kuhangaika na ndoano.

"Halafu ungelia," akasema, "na tungehama hivyo hivyo."

Sijui kama huo ni msamaha. Nimeuombea, na bado sijui. Sikujitetea kwa habari za sekondari wala za baridi. Nikatoa ndoano, nikamuuliza sasa niweke chambo gani, mnyoo au ugali. Akafikiri muda mrefu sana kabla ya kunijibu.